Kutoka kapita mpaka burgumestre: nani aliwafundisha wakubwa wa Leta?

Kwa familia inayohamishwa juu ya mgodi hapa Kolwezi, Leta ni watu wachache wenye daftari. Kuna anayehesabu vyumba vya nyumba na miti ya maembe. Kuna mkubwa wake anayetia sahihi chini ya ukurasa. Juu yao kuna shefu wa biro, shefu wa divisheni, burgumestre, meya na waziri wa jimbo. Kama yule wa kwanza amekosea hesabu, na mkubwa wake hajui namna ya kuikagua, familia inaingia katika nyumba yenye chumba kimoja pungufu, ao inapewa pesa zisizotosha kununua kiwanja kingine.

Wakaaji wa Kolwezi wanazungumza sana juu ya rushwa ya wakubwa, na wana sababu. Lakini kuna swali linaloulizwa mara chache: mtu huyu aliyepewa kiti cha kusimamia wengine, alifundishwa wapi kazi ya kusimamia? Swali hilo ni la zamani. Lilikuwako kabla ya uhuru, liliangusha serikali ya kwanza, na leo limerudi kwa nguvu kwa sababu sheria ya migodi imeweka pesa nyingi mikononi mwa wakubwa wa komine na sheferi.

Karani, kapita na Changa-Changa

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kolwezi ilizaliwa mwaka 1937 kama kituo cha migodi ya magharibi ya kampuni hiyo. Katika kampuni na katika Leta ya Wabelgiji, ngazi ya kazi ilikuwa na mwisho wake kwa Mwafrika. Aliweza kuwa fundi, mwalimu, karani, ao kapita. Kapita ni neno lililotoka kwa Wareno. Ndiye aliyeongoza kikundi cha wafanyakazi, kuwahesabu asubuhi na kuwasukuma mpaka jioni. Juu ya kapita alikaa Mzungu. Hata katika kambi, mkubwa aliyegawa nyumba na kuamua ugomvi alikuwa Mbelgiji. Wafanyakazi walimpa jina la Changa-Changa, mwenye kuchanganya watu wa makabila yote mahali pamoja.

Wazungu hao wa Leta walifundishwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1920 Ubelgiji ilifungua mjini Antwerp shule ya juu ya kuandaa wasimamizi watakaotumwa Kongo. Walisoma sheria, uchumi na lugha za Afrika kabla ya kupanda meli. Mtu hakupewa teritware kwa sababu tu anajua kusoma.

Karani Mkongomani alisoma kwa mapadri. Alijua kupiga mashine ya kuandika, kupanga barua, kutunza kitabu cha kodi. Mara nyingi alijua makaratasi ya biro kuliko mkubwa wake aliyebadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hakuonyeshwa: kugawa bajeti, kuamua kati ya mambo mawili magumu, kumpa mtu mwingine amri na kumkagua, kisha kujibu mbele ya wakubwa kama jambo limeharibika. Alijua barua, hakupewa nafasi ya kujua uamuzi uliokuwa nyuma ya barua.

Masomo ya juu yalichelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, na kile cha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Mwisho wa mwaka 1955, mwalimu mmoja wa Antwerp, A. A. J. Van Bilsen, aliandika mpango wa kuandaa Wakongomani kwa uhuru kwa muda wa miaka 30. Wakubwa wengi wa Ubelgiji walimkasirikia, wakaona anakwenda mbio sana. Uhuru ulifika nyuma ya miaka minne na nusu tu.

30 Juni 1960

Siku ya uhuru, nchi yote ilikuwa na Wakongomani wasiofika 30 waliomaliza chuo kikuu. Katika ngazi tatu za juu za utawala kulikuwa na kazi zaidi ya 4,600. Zile zilizoshikwa na Wakongomani zilikuwa 3.

Jeshi lilikuwa vilevile. Force publique haikuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Askari mweusi alifika cheo cha ajida, akasimama hapo. Jenerali Janssens aliwakusanya askari, akawaonyesha ubaoni kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru mambo ni yaleyale. Tarehe 5 Julai askari wa Thysville waliasi. Serikali ikaamua kuwapandisha vyeo Wakongomani kwa haraka, na maofisa wa Kibelgiji wakaondolewa. Hofu ilienea, na maelfu ya wafanyakazi wa Kibelgiji wa Leta wakakimbia ndani ya wiki chache. Mtu aliyelala karani aliamka mkubwa wa biro, na yule aliyebeba faili za teritware akaambiwa aiongoze.

Wengi walishikilia kazi kwa uaminifu. Barua ziliendelea kutembea, watoto waliandikwa, kodi ilikusanywa mahali fulani. Lakini hakuna anayeweza kujifunza kwa mwezi mmoja kile ambacho wengine walisomea miaka. Mwezi wa Septemba 1960 Mobutu aliposimamisha wanasiasa, wizara zilikabidhiwa kwa makomisa waliokuwa vijana wa vyuo vikuu, wengine bado wanafunzi, chini ya Justin Bomboko. Nchi kubwa kama sehemu nzima ya Ulaya iliongozwa na watu ambao hawajamaliza masomo, kwa sababu wengine wa kuwaita walikuwa wachache.

Katanga ilichukua njia nyingine. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza jimbo limejitenga. Hapa Wabelgiji walibaki. Waziri Mkatanga aliketi mbele, mshauri Mbelgiji akaketi nyuma yake na kuandika. Migodi ya Kolwezi iliendelea kutoa shaba, na kwa macho ya mtu wa nje utawala ulionekana mzuri. Kumbe tatizo lilikuwa limefunikwa tu. Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, ngome ya mwisho ya Tshombe, na kujitenga kukaisha. Washauri walipoondoka, waliobaki walikuwa na uzoefu wa kuketi kwenye kiti, si wa kukiendesha wenyewe.

Shule za haraka

Jibu la kwanza la Kongo lilikuwa zuri. Mara tu baada ya uhuru ilifunguliwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, ENDA, kwa msaada wa Shirika la Ford la Marekani. Iliandaa mahakimu na wasimamizi wa teritware. Mwaka 1964 ikaanzishwa INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi ambayo mpaka leo inafundisha mafundi na wafanyakazi, na waajiri wanachangia gharama yake. Ndani ya miaka 10 vijana wenye diploma walianza kujaza biro za majimbo.

Kampuni nayo ilibadilika. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa Leta, na baadaye jina likawa Gécamines. Wakongomani walipanda kuwa wainjinia na wakubwa wa idara. Tofauti na biro nyingi za Leta, Gécamines ilikuwa na desturi ya kumpitisha mtu hatua kwa hatua: shule ya ufundi, kazi chini ya mtu anayejua, mtihani, kisha cheo. Hata baada ya vita ya siku 6 ya Mei 1978, wakati Wazungu wengi walipoikimbia Kolwezi, migodi iliweza kuanza tena. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Desturi ya mafunzo ilikuwa na sehemu yake katika matokeo hayo.

Cheo kikafuata chama

Upande wa Leta, shule zilizofunguliwa na uhuru hazikupata muda wa kukomaa. ENDA ilimezwa na chuo kikuu cha taifa mwaka 1971. Chama cha MPR kilikuwa kimeshika kila kitu, na mkubwa wa eneo alikuwa wakati mmoja mkubwa wa chama. Novemba 1973 Mobutu aliwapa Wazairwa maduka, mashamba na biashara za wageni. Wengi waliozipokea hawakuwahi kutunza kitabu cha hesabu, na maduka mengi yalibaki matupu. Mwaka 1974 ikafunguliwa taasisi ya Makanda Kabobi, shule ya chama. Makada walipelekwa huko kusoma fikra za rais. Mkubwa alirudi na karatasi ya mafunzo, lakini karatasi hiyo haikumfundisha kukagua bajeti ya zone yake.

Sheria ya tarehe 17 Julai 1981 juu ya wafanyakazi wa Leta iliandika ngazi vizuri: direkta, shefu wa divisheni, shefu wa biro, na waliopo chini yao. Iliandika pia juu ya mitihani ya kuingia kazini. Kwenye karatasi, hakuna kilichopungua. Kwa matendo, mshahara ulimalizwa na kupanda kwa bei, na cheo kikawa zawadi ya kumjua mtu. Kijana aliingia bironi bila mtihani, bila namba ya matrikule, akisubiri miaka. Mpaka leo watu wanaoitwa «nuvele inite» wako katika hali hiyo: wanafanya kazi ya Leta, Leta haijawatambua sawasawa. Na mzee hakustaafu, kwa sababu pensheni haitoshi hata kulipa nyumba. Hivyo hakuna aliyemfundisha mwingine kwa utaratibu.

Ujuzi unaoondoka na watu

Kuna njia mbili za kukosa wakubwa waliofundishwa. Moja ni kutowafundisha. Nyingine ni kuwafukuza waliokwisha kufundishwa. Kolwezi inazijua zote mbili.

Katika miaka ya 1992 na 1993, maneno ya chuki ya wanasiasa yaligeuka kuwa kufukuzana. Familia zenye asili ya Kasai zilitolewa katika nyumba zao Likasi na Kolwezi. Zililala kwenye stesheni za treni zikingoja mabehewa ya kuzipeleka Kasai, nchi ambayo watoto wengi hawakuwahi kuiona. Katika Katanga yote walikuwa mamia ya maelfu. Wengine walikufa njiani. Maumivu hayo bado yapo katika familia nyingi, za waliokwenda na za waliobaki.

Katika mabehewa hayo walikuwamo pia wakubwa wa warsha, wahasibu, walimu, wauguzi na wasimamizi wenye uzoefu wa miaka 20 ao 30. Gécamines ilikuwa tayari imepigwa: mgodi wa Kamoto ulianguka Septemba 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, na Kinshasa ilikuwa imekula pesa za matengenezo. Mwaka 1994 shaba ilishuka mpaka karibu tani 30,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kuwafukuza watu wanaojua kazi hakukuponya hata moja.

Kuanzia mwaka 2003 ikaja «departi volontere». Kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka. Waliondoka watu wazima walioijua mitambo kwa kuisikiliza tu. Vijana walioingia baada yao hawakuwakuta kazini wa kuwaonyesha.

Jimbo jipya, pesa mpya

Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne, na Lualaba ikazaliwa, makao yake makuu Kolwezi. Jimbo lina teritware tano: Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa. Ilibidi serikali ya jimbo ipatikane haraka: mawaziri, wakuu wa divisheni, biro za kodi, wakaguzi. Biro zilizokuwa za wilaya zikapewa kazi za jimbo. Hali hii ilifanana kidogo na 1960: viti vingi vikafunguliwa siku moja.

Kwa bahati, sheria nazo zilikuwa zimesogea. Amri ya serikali ya mwaka 2013 ilianzisha shule ya taifa ya utawala, ENA, huko Kinshasa. Inawachukua vijana wa chuo kikuu kwa mtihani na kuwaandaa kwa kazi za makadre wa Leta. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikachukua nafasi ya ile ya 1981. Inataka watu waingie kwa mtihani, wapewe noti ya kazi, na wapate mafunzo wakiwa kazini. Lakini Kinshasa ni mbali, na wanaotoka ENA kila mwaka ni wachache kwa majimbo 26. Na zaidi ya hayo, wakubwa ambao raia wa Lualaba wanakutana nao kila siku hawapiti katika mlango huo.

Burgumestre wa Dilala ao wa Manika hafiki kwenye kiti kwa mtihani wa kazi ya Leta. Mkubwa wa sheferi anaingia kwa damu na desturi, na sheria ya mwaka 2015 juu ya viongozi wa kimila inaheshimu jambo hilo. Hakuna ubaya ndani yake. Lakini tangu sheria ya mwaka 2008, komine, sekta na sheferi ni maeneo yanayojitawala, yenye bajeti yao. Halafu sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iliwaletea pesa ambazo wazazi wao hawakuziona.

Hesabu yake ni hii. Kampuni ya migodi inalipa mrahaba kwa madini inayouza. Kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Katika kila dola 100 za mrahaba, 50 zinakwenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta ao sheferi iliyo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni ikilipa mrahaba wa dola milioni 10, eneo dogo linapokea milioni moja na nusu. Pesa hizo zinahitaji mtu anayejua kuandika bajeti, kutangaza soko la kujenga shule, kukataa ankara ya uongo, na kuweka karatasi ambazo mkaguzi atazisoma miaka mitano baadaye. Kuna tena 0.3 kwa mia ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii, inayosimamiwa na kamati ambamo wakaaji wanaketi. Nao vilevile wanahitaji kujua kusoma hesabu.

Familia zinazohama zinaguswa kwa namna ya pekee. Kanuni ya migodi ya Juni 2018 ina kiambatanisho cha 18, kinachoeleza namna ya kuhamisha watu: kuwauliza kwanza, kuandika mali yao, kulipa fidia, kuwapa makao yasiyo mabaya kuliko ya zamani. Mwaka mmoja mbele yake, mamia ya familia za Kasulo zilihamishwa baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba zao. Tangu hapo mitaa mingine ya Kolwezi imefikiwa na migodi. Kila mara kanuni inategemea msimamizi mmoja aliyeisoma na kuielewa. Msimamizi asiyeijua anaamini hesabu anayoletewa na kampuni.

Majirani wanafanyaje

Tanganyika ilifungua Mzumbe mwaka 1953, shule ya kufundisha machifu na makarani wa serikali za mitaa. Leo ni Chuo Kikuu Mzumbe. Chifu hakuacha kuwa chifu kwa kwenda shuleni. Alirudi akijua kitabu cha mapato. Kenya ilianzisha taasisi yake ya utawala Kabete mwaka 1961, mbele ya uhuru. Huko, kanuni za vyeo vya kazi nyingi za serikali zinataja mafunzo kwa muda wake: kozi ya usimamizi isiyopungua wiki 2 kwa anayeanza kusimamia wengine, wiki 4 kwa mkubwa wa ngazi ya juu, na wiki 6 za uongozi kwa wale wa juu kabisa. Rushwa haikuisha Kenya kwa sababu hiyo. Lakini mkubwa aliyekaa darasani hawezi kusema hakuambiwa.

Yanayoweza kuombwa hapa

Lualaba haihitaji kungoja Kinshasa kwa kila kitu. Kuna chuo kikuu Kolwezi, kuna INPP, kuna wastaafu wa Gécamines na wa Leta ambao bado wana akili timamu na daftari zao. Sehemu ndogo ya zile dola 15 ingeweza kulipa mafunzo ya wiki chache kwa kila mkubwa mpya wa komine, sekta na sheferi pamoja na mhasibu wake, kabla ya kutia sahihi ya kwanza.

Na raia ana haki ya kuuliza. Mtu anapofika kuhesabu vyumba, familia inaweza kumwomba aonyeshe barua ya kazi, jina la mkubwa wake, na fomu inayotumika. Inaweza kuomba nakala kabla ya kutia kidole, na kumleta jirani anayejua kusoma Kifaransa. Katika mkutano wa komine, mtu anaweza kusimama na kumuuliza burgumestre nani anatunza hesabu ya mrahaba, na mtu huyo alijifunza kazi hiyo wapi. Mwaka 1960 hakuna aliyepewa nafasi ya kuuliza swali hilo kwa wakati. Sasa linaweza kuulizwa kwa heshima, kwa sauti, mbele ya watu wote, na jibu liandikwe katika ripoti ya mkutano.